Shajara ya mradi: Hiace ya 5L na silinda namba tatu

Siku ya 1, Jumanne

Imefika ikivutwa kwa kamba na Canter ya mbao. Toyota Hiace, injini ya 5L, dizeli, cc 2986. Geji inasoma kilomita 487,316, ila dereva kakiri mwenyewe kwamba waya wa geji ulikatika mwaka juzi ukakaa miezi haujaunganishwa. Mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinang'aa. Naihesabu kama gari ya laki tano na ushei.

Kazi yake ni Mombo–Lushoto: abiria kupanda, abiria na matenga ya kabichi kushuka. Anayeijua barabara ile hahitaji maelezo. Ni kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, gia ya pili, mguu umekanyaga mpaka chini.

Mwenye gari ni mama mmoja wa Mombo. Gereji mbili zimeshamwambia injini imekufa, atafute ya mtumba, na bei aliyotajiwa ingemnunulia bodaboda mbili. Amekuja kwangu Korogwe kusikia mara ya tatu, basi. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki na siku mbili hivi. Nikishindwa kukuonyesha kwa macho yako kilichokufa, hela ya kupima sitaki."

"Sawa, fundi. Ila ujue gari ikilala na mimi silali."

Maelezo ya dereva nimeyaandika huku akiongea. Inakula oili, lita moja kwa siku mbili. Ukifungua mfuniko wa oili inapumua kama birika. Asubuhi inatoa moshi mweupe mpaka jirani anafunga dirisha. Ikishapata moto inagonga. Maji ya rejeta yanapungua na chini hapaloi. Wakati wa masika ilichemsha pale Soni, akachota maji mtoni akayamimina humo humo ikiwa ya moto. Alipofika hapo alishusha sauti, kwa hiyo anajua alichofanya. Halafu, ameshageuka kuondoka, akaongeza: "Kuna asubuhi moja stata iligoma, ikafanya *tak* ikanyamaza. Nikapiga tena ikawaka. Betri nadhani." Nikaandika: betri na stata, kuangaliwa mwisho.

Siku ya 2

Leo hakuna spana, ni macho, pua na vidole. Nimenyanyua kiti cha mbele (wenye Hiace mnajua injini inakaa chini ya makalio ya dereva) na kuanza na kijiti cha oili. Oili ni nyeusi, nyepesi kuliko inavyotakiwa, lakini haina rangi ya chai ya maziwa. Kijana wangu akafurahi: "Bosi, basi maji hayaingii." Taratibu. Maji yakiingia kidogo kidogo usiku kupitia silinda, injini ikipata moto mchana yanageuka mvuke na kutoka. Chai ya maziwa ni ushahidi ikiwepo. Isipokuwepo haijamsafisha mtu.

Ndani ya mfuniko wa rejeta kuna utando wa kutu uliochanganyika na masizi. Nimenusa, kuna harufu ya moshi wa dizeli. Maji ya rejeta hayana sababu ya kunuka ekzosi.

Kisha hii habari ya kupumua, maana ndiyo iliyoihukumu gari. Mtindo wa gereji nyingi ni kulegeza mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma na kuangalia unavyorukaruka. Ukiruka sana, ringi (pete za pistoni) zimekwisha, kesi imefungwa. Kweli hapa unaruka. Lakini nilipofuata mpira wa kutolea pumzi ya injini, ule unaotoka kwenye kava ya valvu kwenda njia ya hewa, nikaukuta umejaa tope la oili lililoganda kama lami. Niliingiza waya wa baiskeli ukagoma. Injini yoyote ya umri huu hupitisha hewa kiasi kwenye ringi, na hewa hiyo ikikosa mlango itasukuma mfuniko, itasukuma sili, itasukuma na oili nje. Nimeuosha mpira kwa dizeli, nikauchoma na waya mpaka mwanga ukapita, nikarudisha. Mfuniko sasa unatetemeka, hauruki. Hukumu ya ringi naiweka kando, sijaifuta.

Na oili inayoliwa? Sehemu yake nimeipata bila kutafuta. Nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu ya breki, na sili yake imechoka. Alteneta nzima imelowa oili, mpaka brashi. Hiyo nayo ilikuwa imeandikwa kwenye hesabu ya ringi.

Siku ya 3

Siku ya sauti. Ikiwa baridi kuna kelele ya kawaida ya dizeli zee. Ikishapata moto, kwenye resi ya kati, ukiachia mafuta ghafla unasikia *gogo-gogo*, nzito, inatoka chini. Dereva anasema imenoki. Inawezekana. Lakini dizeli ni kiumbe mwongo kwa sauti. Nozeli (mdomo wa kupulizia dizeli kwenye silinda) inayomwaga vibaya inagonga kama nyundo, na mtu aliyeshaamini kwamba ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu wa injini), atasikia konrodi.

Nilichukua spana namba 17 nikalegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa kwenye sailensa (bila kukanyagwa mafuta), nikiikata kila silinda mafuta kwa zamu. (Weka kitambaa, vaa miwani, na mkono usikae mbele ya dizeli inayoruka.) Ya kwanza: injini ikamisi, sauti iko pale pale. Ya pili: vile vile. Ya tatu: sauti ikafa. Ya nne: ipo.

Hapa ndipo wengi husimama na kutangaza konrodi namba tatu. Tatizo ni kwamba ukiikata silinda mafuta umeondoa vitu viwili kwa pamoja: mlipuko unaoisukuma pistoni kwenye metali (ganda laini kati ya konrodi na krenki), na mlio wa nozeli yenyewe. Vyote vinanyamaza. Kwa hiyo nilihamisha nozeli: ya tatu nikaipeleka ya nne, ya nne ikaja ya tatu, na vishapo vipya vya shaba. Sauti ikihama ni nozeli, ikibaki ni chuma.

Kuna ukali fulani juu juu ambao ulihama kweli kwenda namba nne, kwa hiyo hiyo nozeli nayo si nzima sana. Lakini *gogo-gogo* ilibaki tatu. Nimeandika "chuma" kwa herufi kubwa, halafu nikaenda kula.

Siku ya 4

Presha ya oili. Taa ya dashibodi haiwaki, na dereva anaitegemea kama dua. Taa ile husubiri mpaka presha iwe karibu haipo kabisa ndipo iwake. Nimetoa swichi yake, nikafunga geji ya mkono, nikaiacha injini ipate moto barabara. Gari haina geji ya resi, kwa hiyo nilibandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya krenki nikasoma kwa kipimo cha mwanga.

Sailensa, oili ya moto: kilo 0.6 kwa sentimita ya mraba. Kiwango cha chini cha injini hii ni 0.3, imepita. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika: kilo 2.2. Inatakiwa kati ya 2.5 na 6.0. Imeanguka, lakini si kuanguka kwa injini iliyokwisha yote. Metali zote zingekuwa zimelika, ningeona namba za aibu zaidi. Hii inanuka kama mahali pamoja panapovuja.

Nikafungua filta na kuikata. Usitumie msumeno, utajaza vumbi la chuma halafu ulione ukadhani umevumbua kitu. Nilitumia kikata kopo. Karatasi ya ndani nimeikunjua kwenye sinia jeupe la chakula (mke wangu hajui, na shajara hii haisomi). Chembe zipo, kama unga wa wanja uliochanganywa na dhahabu. Nimepitisha sumaku chini ya sinia: chache mno zikafuata, nyingi zikabaki zimetulia. Zinazofuata sumaku ni chuma: ringi, ukuta wa silinda, gia. Zisizofuata ni aluminiamu au tabaka la metali. Rangi ya shaba ndani yake ina maana tabaka la juu la metali limeshalika mpaka la chini yake limeonekana.

Kwa hiyo metali ipo. Usiku nilitaka kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) nimalize mchezo. Nikajizuia, kwa sababu metali haielezi moshi mweupe wala rejeta inayonuka dizeli. Metali inaua injini, hainywi maji.

Siku ya 5, Jumamosi

Kompresheni, yaani kila silinda inavyobana hewa. Hili ndilo zoezi ambalo gereji mbili za kwanza hazikulifanya, na najua sababu: geji ya petroli haifai. Ile huishia pale dizeli inapoanza. Nimeazima geji ya dizeli kwa rafiki, pamoja na kifundo cha kuingia kwenye tundu la hita plagi (kipasha moto cha silinda).

Injini ya moto, hita plagi zote nne nje, waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu nimeuchomoa ili dizeli isiingie, betri mbili zimeunganishwa sambamba stata izunguke vizuri. Kabla sijafunga geji nilipanga zile hita plagi kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya nne nyeusi. Ya tatu safi, ncha yake ya kijivu kama imesuguliwa kwa jivu. Nimeikalia ile plagi dakika nzima. Masizi hayajisuguii yenyewe, anayeosha huko ndani ni mvuke.

Namba, kwa kilo: ya kwanza 29, ya pili 28, ya tatu 17, ya nne 28.5. Kitabu cha injini hii kinataka 32 ikiwa mpya, isishuke chini ya 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5.

Nikapima nafasi za valvu kabla ya kuamini 17. Ekzosi ya silinda ya tatu haina nafasi kabisa, hata kipimo cha milimita 0.05 hakiingii, ambapo inatakiwa 0.40 mpaka 0.50 injini ikiwa baridi. Valvu imezama kwenye siti yake kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kubadilisha shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi hiyo). Valvu isiyo na nafasi haifungi. "Tumempata!" kijana akapiga kelele. Nikabadilisha shimu, nikapata 0.45, tukapima tena. 21.

Imepanda, na hata imevuka kikomo cha 20. Mtu mwenye haraka angefunga akamwita mama. Lakini 29 kutoa 21 ni 8. Bado kuna mtu ndani.

Nikatia kijiko cha oili kwenye silinda ya tatu, kimoja tu. Chumba cha moto cha dizeli ni kidogo mno, ukimwaga oili nyingi namba itapanda kwa sababu umejaza nafasi, na ukizidisha utapinda kitu. Ikapanda hadi 22. Zile nyingine nazo zilipanda kilo moja au moja na nusu. Ringi za tatu, basi, si mbaya kuliko za wenzake.

Siku ya 7

Jumapili sikufungua. Leo hewa. Pistoni ya tatu juu kabisa kwenye pigo la kubana, gari kwenye gia, breki ya mkono, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, hewa ya kompresha kilo 6 kupitia tundu la hita plagi. Kisha unakuwa daktari mwenye bomba la masikioni. Kwenye mfuniko wa oili kuna mluzi mdogo, wa kawaida. Kwenye njia ya hewa kimya. Kwenye bomba la ekzosi, baada ya lile shimu jipya, kimya. Kwenye rejeta kimya pia. Nikakata tamaa kidogo, nikakaa kwenye ndoo.

Kisha nikakumbuka injini imelala baridi tangu Jumamosi. Nikaitoa hewa, nikarudisha plagi, nikaiwasha mpaka feni ikawa inapuliza moto, nikazima, nikarudia yote huku nikijiunguza vidole. Sekunde kumi za kwanza hakuna kitu. Halafu pale mdomoni mwa rejeta likatoka povu moja, dogo kama punje ya mtama. Likafuatwa na jingine. Kisha mstari.

Nimempigia mama. "Njoo uone."

Siku ya 8

Amekuja na dereva. Nimempa tochi akaangalia rejeta ikichemka bila moto. Hakuuliza maswali ya kiufundi, aliuliza moja tu: "Hayo maji ya Soni?" Dereva akaangalia viatu vyake.

Hedi ya 5L, kile kichwa cha injini chenye valvu, ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kumimina. Vinatanuka kwa viwango tofauti, na mahali pembamba kuliko pote ni daraja kati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa. Ukimmwagia maji ya mto chuma aliyechemka, pale ndipo panapolipa. Ila sikutaka dereva abebe mzigo wote, kwa hiyo nikamwambia mama ukweli mwingine: thermostati (kidhibiti cha joto la maji) niliikuta imetolewa siku nyingi na feni imelegea kiunganishi. Gari ilikuwa inaelekea huko hata bila mto.

Mchana tumeshusha hedi. Gasketi haijakatika popote. Ufa uko pale pale nilipotarajia, silinda ya tatu, kati ya valvu mbili, mwembamba kama unywele wa mtoto. Kwa jicho tupu unaupita. Nilipaka rangi ya kupenya, nikafuta, nikanyunyiza unga mweupe, na mstari mwekundu ukajichora taratibu mbele ya mwenye gari. Hela yangu ya kupima nimeihalalisha.

Siku ya 9

Ufa unaeleza maji, moshi mweupe, plagi safi, harufu na sehemu ya kompresheni. Hauelezi kugonga. Kabla ya kushuka chini nilifanya jambo ambalo kwenye injini hizi ni la lazima: kupima kila pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku ikiwa kileleni, kwa sababu gasketi ya hedi huja kwa unene tofauti na unachagua kwa kipimo hicho.

Ya kwanza, ya pili na ya nne zinapishana kwa unywele. Ya tatu iko chini ya wenzake kwa milimita 0.4.

Nikapima tena. Nikafuta masizi nikapima mara ya tatu. 0.4.

Pistoni haifupiki. Krenki haibadilishi mwendo wake kwa silinda moja. Kinachoweza kuwa kifupi ni konrodi, na konrodi huwa fupi ikipinda. Tumeshusha sampu, tukafungua kofia ya konrodi ya tatu. Ganda la juu la metali limelika upande wa mbele, shaba iko wazi. Ganda la chini limelika upande wa nyuma. Mkingamo. Pistoni ilipotoka, sketi yake ina michubuko kwa mtindo huo huo, juu upande mmoja, chini upande wa pili. Konrodi iliyonyooka haichoki kimshazari namna hii. Kijana kaiweka juu ya kioo pamoja na ya silinda ya pili, hata mtoto angeona.

Sasa nani kaipinda?

Nilifungua daftari usiku nyumbani. Siku ya 1, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu: betri na stata, kuangaliwa mwisho.

Kila silinda ya 5L ina cc 746.5. Mbano wake ni 22.2 kwa 1, maana yake pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya cc 35 hivi. Vijiko viwili vya mezani na robo. Maji ya rejeta yakidondoka usiku kucha kupitia ufa na kujikusanya juu ya pistoni zaidi ya vijiko hivyo viwili, asubuhi pistoni inapanda inakutana na kitu kisichobanika. Stata inagoma. *Tak.* Hapo si betri iliyokataa, ni konrodi iliyokubali. Dereva akapiga mara ya pili, maji yakawa yamepata upenyo wa valvu au wa ringi, ikawaka, na tangu siku ile kila mzunguko ulikuwa unaitafuna metali pembeni.

Hata namba ya kompresheni inajibu. Mwendo wa pistoni ni milimita 96, kwa mbano wa 22.2 nafasi ya juu ni sawa na milimita 4.5 za silinda. Ongeza 0.4 ya konrodi fupi, mbano unashuka hadi karibu 20.5. Hiyo peke yake inaiba kilo mbili tatu, na ufa ukaiba zilizobaki.

Dereva aliniambia yote haya siku ya kwanza, kwa sentensi tatu. Mimi ndiye niliyeandika "betri".

Siku ya 10

Hesabu na mama, kwenye benchi la mti. Amekuja na binti yake wa kuandika. Nimempa njia mbili bila kumsukuma. Injini ya mtumba: inafungwa haraka, lakini haina historia, na mtu anayeuza hatakuruhusu uivue hita plagi. Au hii yake: hedi mpya, konrodi moja, krenki isagwe, metali, ringi, gasketi. Inachukua muda zaidi, na kila kilichomo tunakijua.

Binti akauliza vizuri kuliko mafundi wengi: "Na kuta za silinda je?" Nikamwambia bado sijapima, nipe kesho.

Siku ya 11

Nimepima. Ulikaji mkubwa ni milimita 0.09, silinda ya tatu, juu, upande wa msukumo. Kikomo ni 0.2. Hakuna haja ya kuchimba wala kuweka laina (ukuta mpya wa silinda), kusugua tu kwa mawe na ringi mpya. Yale mapumzi yaliyoihukumu kifo gari hii yalikuwa mpira uliojaa tope.

Krenki haikubahatika hivyo. Shingo ya tatu kwa maikromita ina upande mmoja mwembamba kuliko mwingine kwa 0.03, kikomo 0.02. Imeenda Tanga mjini kusagwa, shingo zote, zifungwe metali nene zaidi za 0.25. Mama amechagua hii yake.

Siku ya 19

Krenki imerudi. Nimepima mwenyewe kabla ya kulipa, na mchongaji alinuna. Matundu ya oili yalikuwa na vumbi la jiwe la kusagia. Nimeyapitisha brashi ya chupa na mafuta ya taa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Vumbi lile lingeingia kwenye metali mpya siku ya kwanza.

Konrodi ya kubadilishia ilikuja ya mtumba kutoka Gerezani, Dar. Ya kwanza niliirudisha, imepinda kuliko niliyoitoa. Ya pili imenyooka na uzito wake unaendana na wenzake kwenye mizani ya duka la dhahabu la jirani, ambaye sasa anataka soda kila nikipita.

Siku ya 24

Kufunga. Sina mengi. Nafasi za metali nimepima kwa uzi wa plastiki unaobanwa: konrodi zote kati ya 0.04 na 0.06. Thermostati mpya imewekwa, na dereva ameelezwa kwamba si uchafu wa kutolewa. Sili ya pampu ya vakyumu imebadilishwa, alteneta imesafishwa.

Siku ya 26

Imewaka pigo la pili la stata. Kabla ya hapo tuliizungusha bila dizeli mpaka geji ya oili ikapanda. Sailensa ya moto kilo 1.4, mizunguko 3,000 kilo 4.1. Kompresheni sijapima, ringi zikae kwanza. Moshi wa buluu kidogo, ukapotea mchana. Hakuna *gogo*.

Siku ya 41

Kilomita 1,000 za kwanza zimetimia kwa mzigo mwepesi, bila kabichi, jambo ambalo dereva alilivumilia kwa shida. Oili imemwagwa, filta imekatwa. Sinia lile lile. Chembe chache za chuma, zinafuata sumaku, ringi zinajikalisha. Za shaba hakuna. Kompresheni: 31, 30.5, 31, 30.5. Maji ya rejeta yako pale pale yalipokuwa.

Dereva anasema asubuhi, kabla haijawaka, inatoa mlio mdogo kama wa panya, mara moja, kisha unapotea. Nimeandika: mlio mdogo kama wa panya, asubuhi, mara moja, kabla ya kuwaka. Sikuandika belti.